Mwalimu wa Kuzamia na Mizani ya Kisongo

Mwalimu alikuwa akienda uwanja wa ndege amevaa suti ya mpira chini ya gauni la kitenge. Ukimwona pale Kisongo asubuhi, kilemba kichwani na mkoba mkononi, ungedhani ni mama wa kanisani anayewahi harusi Dar es Salaam, ila tu alitembea kama mtu aliyefungwa plasta miguu yote miwili. Suti ile nyeusi, nzito, ya kumkinga mtu na baridi ya majini, ikiwekwa kwenye begi ilikula sehemu kubwa ya uzito tulioruhusiwa. Ikiwa mwilini ilikuwa nguo. “Na nguo ya mtu,” alisema, “haijawahi kupandishwa mizani.”

Alikuwa mwalimu wa baiolojia aliyestaafu, na alitufundisha kuzamia baharini hapa Arusha, mji usio na bahari. Kuzamia kwenyewe alijifunza Tanga, zamani alipokuwa akifundisha huko. Zaidi ya hapo hakupenda kueleza, nasi hatukumwuliza. Mimi nilimjua kwenye bwawa la hoteli moja ndogo ya Sakina, mtaa ninakouza vipuri vya magari mpaka leo. Nilikwenda pale nikitaka kujifunza kuogelea tu, kwa sababu daktari alinishauri nifanye mazoezi yasiyoumiza magoti. Nilimkuta mama mmoja mfupi, mwenye mvi, amesimama ndani ya maji yaliyomfika kifuani.

“Shikamoo,” nilimwambia. “Nimekuja kujifunza kuogelea.”

“Marahaba. Kuogelea ni kuhangaika juu ya maji,” alisema. “Njoo nikufundishe kutulia chini yake.”

Nikadhani ni mzaha. Mwaka uliofuata nilikuwa Pemba, chini ya maji, nimepiga magoti kwenye mchanga mweupe, samaki wenye mistari wakinipita usoni, na mama yule yule amenishika mkono.

Bwawa la Sakina halikuwa zuri. Mwezi wa Julai maji yake yaliuma meno. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na gereji, na nje ya lango yalipita mabasi ya Namanga yakipiga honi. Jambo ambalo sikulijua kabla ni kwamba sauti husafiri vizuri majini. Ukiwa chini, umeng’ata mpira wa kupumulia, nyundo ya fundi aliyekuwa akinyoosha bodi la gari ilikujia kichwani kana kwamba anagonga fuvu lako. Wanafunzi wengi walitishika, wakapanda juu haraka. Mwalimu aliwarudisha. Alisema ukiweza kupumua taratibu chini ya kelele za mafundi wa Sakina, papa hawezi kukushtua.

Tulikuwa kikundi kidogo: mimi, daktari mmoja wa meno, mhasibu wa shule ya binafsi na mkewe, na wengine waliokuja wakaacha. Kila mwaka, mvua za masika zikiisha na bahari ikitulia, tulikwenda Pemba siku chache. Kutoka Kisongo tulipanda ndege ndogo mpaka Unguja, tukabadilisha pale. Na ndege ndogo ndizo zilizotufundisha somo ambalo hatukulitarajia, somo la mizigo. Kila abiria aliruhusiwa kilo kumi na tano, katika begi laini lisilo na magurudumu wala mgongo mgumu, ili liweze kusukumwa kwenye tumbo la ndege. Mzamiaji ana jaketi la kuelea, ana mapezi ya miguuni, ana miwani ya maji, suti, tochi, kisu, na ule mpira wa kupumulia wenye chuma chake. Hapo hujaweka nguo hata moja. Hujaweka mswaki.

Siku moja kabla ya safari, mchana, Mwalimu alitupeleka kwenye duka la nafaka jirani na hoteli, tukapima mabegi yetu katika mizani ya mahindi. Mwenye duka, Mmeru mmoja mcheshi, alizoea kutuona. Aliinua begi langu, pezi likachomoza kwenye zipu.

“Mama, haya mahindi gani yanavaa viatu?”

“Ya Nduruma,” Mwalimu alijibu bila kucheka. “Pima.”

Begi likizidi, alilifungua palepale juu ya magunia na kuanza kutoa vitu. Hakukuhurumia. Mke wa mhasibu alinyang’anywa pasi ya kunyooshea nguo. Daktari wa meno alinyang’anywa vitabu. “Mizani haina shemeji,” alikuwa akisema. Huo ulikuwa msemo wake, aliutumia hata mahali usipohusika, kwa mfano alipokuwa akimkatalia mtu kipande cha pili cha nyama.

Alikuwa na kanuni zake za nini kikae wapi. Tochi na betri zake zilikwenda mkobani, kisu kilikwenda kwenye begi la chini, na mpira wa kupumulia haukwenda popote ila mapajani pake. Aliubeba kwenye mkoba wake wa kanisani, umezungushiwa khanga kama mtoto mchanga. Nilimwona mhudumu mmoja akijaribu kuupokea ili auweke nyuma, Mwalimu akaukumbatia. “Kinachokupa pumzi hakikabidhiwi mtu,” alimwambia. Kijana yule akaomba radhi, ingawa sidhani kama alielewa anaomba radhi kwa lipi.

Ugumu huo ulikuwa na sababu yake, na alitueleza mara moja tu. Miaka ya nyuma alikuwa amefika kisiwani bila vifaa, begi limebaki njiani, akakodi vya watu. Alimpeleka mwanafunzi majini na mpira wa kukodi. Walipofika chini, mpira ukaanza kumpa yule binti maji badala ya hewa. Mwalimu alimpa wa kwake, wakapokezana pumzi mpaka juu, na binti akapona. “Lakini nilimwona macho,” alisema. Kuanzia siku hiyo hakumruhusu mwanafunzi wake yeyote apumue kwa kitu ambacho hakukifungua na kukisafisha yeye mwenyewe. Mitungi ya hewa tulikodi kisiwani, maana haibebeki. Vizito pia tulikodi. Mengine yote tuliyabeba.

Nimesema vizito. Jina lenyewe ni risasi, ile metali nzito ambayo mzamiaji anaivaa kiunoni ili ashuke. Safari yangu ya kwanza, tukiwa kwenye foleni ya ukaguzi, nilikumbuka jambo na kuuliza kwa sauti, “Mwalimu, mikanda ya risasi tumeiacha?” Askari aliyekuwa amesinzia aliamka. Tukawekwa pembeni sote. Mwalimu alifundisha kipindi kizima cha metali na maji, na wapi kitu huelea na wapi huzama, na mwisho yule askari alimtazama juu mpaka chini na kuuliza, “Sasa mama, huko chini mnakwenda kupigana na nani?” Mwalimu alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Ila tulipofika ndani ya ndege aliniinamia na kuninong’oneza kwamba nikisema tena neno lile uwanjani ataniacha Kisongo nifuge kuku.

Ndani ya ndege alikuwa mtu mwingine. Mwanamke ambaye niliwahi kumwona akining’inia juu ya kina kirefu cha buluu, ametulia kama aliyekaa kwenye kochi, alifumba macho kuanzia ndege inapoanza kukimbia mpaka inapogusa ardhi ya Unguja, huku akisali kwa Kichaga. Mawingu yakitikisa ndege alinikamata paja, na alama za kucha nilikaa nazo siku mbili. Mvua pia aliichukia. Mtu aliyeshinda majini asubuhi nzima, yakidondoka matone mawili alitafuta mwamvuli.

Na huyu aliyekuwa akitunyang’anya vitabu na pasi, katika kilo zake kumi na tano kila mwaka alibeba mkungu mdogo wa ndizi mchare. Ulikuwa wa mke wa nahodha aliyetupeleka baharini, ambaye aliwahi kuonja mtori wa Mwalimu, ile supu yake ya ndizi, na kuusifu. Ili mkungu uingie, Mwalimu aliacha nguo zake. Alikaa Pemba siku zote na gauni lile lile na khanga moja, akifua jioni na kuvaa asubuhi ikiwa mbichi. Mhasibu alimwuliza kwa nini ndizi zina shemeji na vitabu havina. Mwalimu alijifanya hakusikia.

Mumewe tulimwita Mzee. Alikuwa Mwarusha wa Oldonyo Sambu, upande ule wa Mlima Meru wenye upepo na vumbi, na alikuwa mzee wa kanisa. Hakuwahi kuishi Sakina moja kwa moja. Alikuwa akishuka mjini kwa mkewe katikati ya wiki, na Ijumaa anarudi kwa ng’ombe wake. Mwalimu naye alipanda huko sikukuu kwa sikukuu, akilalamika upepo. Watu walisema ndoa gani hiyo ya kupishana barabarani, lakini ukiwakuta pamoja, wamekaa kwenye viti vya plastiki kando ya bwawa, yeye anamenya chungwa na kumpa mkewe nusu bila kuangalia, ulijua hakuna kilichopungua.

Mzee aliogopa maji. Hakuficha. Alikaa mbali na ukingo wa bwawa, fimbo yake katikati ya magoti, akituangalia tunavyozama na kuibuka. Tukikawia chini, alisimama. Mwalimu akiibuka, alikaa. Siku moja alinieleza kwamba katika maisha yake maji mengi kabisa aliyowahi kuyaona kwa pamoja ni lile bwawa.

“Huko kwenyewe ni kubwa kuliko hili?” aliniuliza, na sikujua kama ananitania.

“Ni kubwa, Mzee. Huoni mwisho.”

Akafikiri. “Sitaki kuingia,” alisema. “Ila ningependa kukaa pale juu kwenye chombo, nimwone anapoingilia. Nijue ni wapi.”

Kila mwaka Mwalimu alimwahidi. Na kila mwaka palikuwa na sababu. Mwaka mmoja nafasi ziliisha. Mwaka mwingine tulikuwa na wanafunzi wapya, vifaa vikawa vingi, na kilo za Mzee, kama angekuja, zingebeba mapezi ya watu. Kuna mwaka ng’ombe walizaa. “Mwakani,” Mwalimu alisema, naye Mzee alijibu kwa Kimaa, “Sidai,” yaani vyema, na kuendelea kumenya chungwa lake.

Hatimaye ukaja mwaka wake. Alikuwa amepata mtu wa kumwachia mifugo. Alinunua kofia ya kitambaa yenye ukingo mpana na viatu vya wazi vya mpira. Jumapili iliyotangulia alisimama kanisani Oldonyo Sambu wakati wa matangazo na kusema kwamba wiki ijayo hatakuwepo, anakwenda kuona bahari, na usharika mzima ukamwombea. Mwalimu alitusimulia hilo mara kadhaa. Alikuwa na furaha ya kitoto. Alimwomba mke wa nahodha, kwa simu, amwazime kiti chenye mgongo, ili kifungwe kwenye boti Mzee akae vizuri.

Tulifika Kisongo mapema. Mlima Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni. Mzee alikuwa na kimkoba kidogo tu. Kilo zake zote zilizobaki alikuwa amempa mkewe, akajaza vifaa vya wanafunzi wawili wapya waliokuwa waanze mafunzo ya baharini kesho yake. Mwalimu alikuwa amevaa suti chini ya gauni kama kawaida.

Binti wa mapokezi, mpole sana, alitueleza kwamba ndege tuliyoizoea ilikuwa kwenye matengenezo, na iliyokuja ni ndogo zaidi. Kwa hiyo leo abiria nao watapimwa. Tukapanda mizani mmoja mmoja, na mikoba yetu mikononi. Hapo suti ya Mwalimu haikumsaidia kitu. Binti akajumlisha, akamwita rubani, rubani akatazama, akatikisa kichwa.

“Tumezidi,” binti alisema. “Ama begi hili kubwa na lile yabaki, yaje na ndege ya kesho mchana. Ama abiria mmoja asubiri ndege ya kesho. Kiti chake kipo, hatalipa chochote.”

Mabegi yale mawili ndiyo yaliyokuwa na mipira ya kupumulia ya akiba, majaketi, na kila kitu cha wale wanafunzi wapya.

“Vikodiwe huko,” mhasibu alisema. “Siku moja tu, Mwalimu.”

“Hapana.”

“Basi tupumzike hiyo siku, tukae ufukweni.”

“Boti imelipiwa kesho. Bahari itabadilika mwisho wa wiki. Hawa hawatamaliza mafunzo.” Alikuwa akizungumza haraka, jambo ambalo alitukataza. Nyuma yetu abiria wengine walianza kunung’unika.

Daktari wa meno akasema yeye angebaki, lakini kesho yake ndiyo alikuwa awasimamie wanafunzi pamoja na Mwalimu, na Mwalimu akamkatalia. Mimi nilifungua mdomo nami niseme. Kabla sijasema, Mzee alikuwa ameshavua kofia.

“Mimi nitakuja kesho,” alisema. “Vifaa viende. Mimi sina kazi huko ila kukaa.”

Tulimshangilia. Nakumbuka kabisa kwamba tulipiga makofi, na yule binti wa mapokezi akamshukuru, akamwita baba. Mzee akasema, “Sidai, nendeni, mtachelewa.” Kupitia dirisha la ndege nilimwona amesimama nje kwenye kivuli cha jengo, kofia mkononi, akiangalia hasa ndege inavyogeuka. Mwalimu alikuwa ameshafumba macho.

Kesho yake Arusha ilifunikwa na mawingu mazito na ndege haikuruka. Tulizungumza naye kwa simu, sauti yake ikawa ya kawaida. Keshokutwa ndege ilikuwa imejaa. Siku iliyofuata akapigiwa simu kutoka nyumbani kwamba ng’ombe mmoja amevimba tumbo, akaona upuuzi kuendelea kukaa mjini na kiatu cha baharini, akapanda gari akarudi Oldonyo Sambu. Sisi tuliendelea na mafunzo. Wanafunzi wale wawili walimaliza vizuri. Kile kiti kilikuwa kimefungwa kwenye boti siku zote zile, na nahodha hakukifungua, kwa heshima nadhani, hivyo tulikuwa tukikizunguka kila tulipovaa vifaa.

Jumapili Mzee alionekana kanisani. Mwalimu alisimuliwa baadaye na mawifi zake. Watu walimzunguka nje baada ya ibada, wakamwuliza, “Haya Mzee, bahari ikoje?”

“Bado ipo,” aliwajibu.

Nao wakacheka, naye akacheka nao.

Mwakani, tukasema sote. Lakini mwakani Mzee alianza kukohoa na kukonda, wakampeleka hospitali, wakamrudisha, wakampeleka tena. Akafa wakati wa masika. Tulipanda Oldonyo Sambu kumzika, magari yakiteleza kwenye tope. Mwalimu alisimama kaburini bila mwamvuli, mvua ikimpiga kichwani, na hakuna aliyethubutu kumfunika.

Baada ya hapo hakutuita tena bwawani. Hakusema anaacha. Tulimpigia, akawa anasema ana mafua, ana wageni, kuna shughuli ya ukoo. Chumba chake cha Sakina kikapata mpangaji mwingine, tukasikia amehamia kule juu kwa ng’ombe, yeye aliyekuwa akilalamika upepo. Kikundi kikafa kama vinavyokufa vikundi, bila kikao. Bwawa lenyewe limefukiwa sasa. Wamejenga ukumbi wa sherehe. Nikipita pale naona watu wamevaa sare wakiingia kwenye harusi, na najua kwamba chini ya miguu yao kuna mahali nilipojifunza kupumua.

Tulipokutana kwenye mambo yetu ya mjini, mimi na wenzangu tulimzungumzia sana. Na kila tulipofika kwenye habari ya Kisongo tuliisimulia vile vile: jinsi Mzee alivyojitolea. Ilikuwa hadithi nzuri. Mhasibu aliwahi kuisimulia kwenye mahubiri ya walei, akiitumia kama mfano wa upendo.

Nilimwona Mwalimu mwaka jana. Nilikuwa natoka Namanga kufuata vipuri, na gari lilipofika Oldonyo Sambu nikamwambia dereva anishushe. Niliulizia, nikaelekezwa. Nilimkuta kwenye zizi, amevaa gambuti na koti la marehemu lililomfika magotini, anamkemea ndama kwa Kimaa kibovu. Alikuwa amekonda na kuungua na upepo. Aliponiona alifuta mikono kwenye koti.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Magoti yako?”

Hakuna mwingine angeanza na magoti yangu. Tukaingia ndani, akanipa chai ya maziwa matupu. Tulizungumza bei ya vipuri, ukame, mke wa mhasibu aliyejifungua mapacha. Kisha mimi, kwa nia njema, nikamwambia kwamba bado tunamkumbuka Mzee, na namna alivyojitolea siku ile ili sisi tuende.

Aliweka kikombe chini.

“Nani aliwaambia alijitolea?”

“Si tulikuwepo, Mwalimu. Alisema mwenyewe.”

“Alisema baada ya mimi kumtazama.” Alikuwa ananiangalia usoni. “Nyie mlikuwa mnamwangalia yule binti na mizani yake. Mimi niligeuka nikamtazama Mzee. Mume uliyeishi naye vile huhitaji kumwambia. Unamtazama tu. Akaelewa, akavua kofia.”

Nje upepo ulikuwa unagonga bati.

“Nilikuwa najua ninachokifanya,” aliendelea. “Nilijiambia, hawa ni wanafunzi, roho zao ziko mkononi mwangu, na yule ni wangu, yeye atasubiri. Siku zote ndiyo ilikuwa hesabu yangu. Yule ni wangu, atasubiri.”

“Ulikuwa sahihi kuhusu vifaa,” nilisema.

“Nilikuwa sahihi. Najua. Hata leo wangeniuliza, nisingewapa wale watoto mipira ya kukodi.” Akakizungusha kikombe. “Lakini tungeweza kukaa ufukweni siku moja. Mhasibu alisema. Tungenunua pweza, tukakaa.”

Alinyanyuka kuongeza kuni, na akiwa amenipa mgongo akaniambia jambo ambalo hakuna mwenzetu aliyelijua. Kwamba alirudi Pemba, peke yake, mwaka mmoja baada ya msiba. Hakubeba kifaa hata kimoja. Alikuwa na mkoba tu, na yule wa mapokezi alimwuliza mara mbili kama kweli hana begi. Akaenda kwa nahodha yule yule, akapanda boti na wageni waliokuja kuzamia, akamwomba amfungie kiti.

“Nikakaa. Wakavaa, wakazama, nikabaki juu na nahodha. Nilitaka kuona alichotaka kukiona.”

“Uliona nini?”

“Maji,” alisema. “Mtu akizama, huoni kitu. Viputo kidogo, halafu navyo vinapotea. Jua kali. Boti inayumba, nikasikia kichefuchefu, mimi, niliyekuwa nawacheka nyie. Baada ya muda kidogo nilikuwa nimechoka kabisa. Nikamwuliza nahodha watapanda saa ngapi.”

Alianza kucheka, kile kicheko chake cha zamani, na kikageuka kabla hakijafika mwisho. Akakaa kwenye kigoda karibu na moto, mikono yake imepotea ndani ya mikono mirefu ya lile koti.

“Angechoka,” alisema. “Namjua. Angekaa dakika chache, angeniuliza tunarudi lini, nani atakamua. Angekuja kuwaambia watu kanisani kwamba bahari si kitu, ni maji tu, wasisumbuke.”

“Basi Mwalimu,” nilimwambia, “labda hakukosa mengi.”

Alinitikisia kichwa, polepole, kama alivyofanya zamani mwanafunzi alipotoa jibu lililokaribia.

“Ilikuwa haki yake kuichoka,” alisema. “Si mimi kuichoka kwa niaba yake.”

Ng’ombe walikuwa wanarudi kutoka malishoni, tukawasikia kengele kabla hatujawaona. Mwalimu alichukua ndoo nyuma ya mlango, akaniuliza kama najua kukamua. Nikasema sijui. Akasema basi nimshikie ndama, na tukatoka nje kwenye upepo.